Laini ya Kwanza

Nina wivu, na siufichi. Tangu nikiwa mdogo, mama akimpakata mtoto wa jirani, mimi nilikuwa napita kwa nyuma na kumfinya yule mtoto. Nimekua nao wivu huu, nimeolewa nao, na mwaka ule mgao wa umeme uliposhika kasi Kariakoo ukapata pa kukaa vizuri, kwenye ubao wa swichi wa mume wangu.

Mume wangu alikuwa mtunza mashine. Nyuma ya jengo tulilopanga vibanda vyetu, kwenye uchochoro unaotokea upande wa soko, mwenye jengo alikuwa amejenga banda la mabati na kuweka ndani yake jenereta kubwa ya dizeli. Mzee huyo babu zake walitoka Uarabuni, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kusafiri mbali zaidi ya Zanzibar. Alikuwa na duka la vitenge pale mbele, na hakutaka kusikia kwamba wapangaji wake wamekaa gizani wakati jengo la jirani linauza. Umeme wa gridi ukikatika, jenereta inawashwa, na nyaya kumi na nne zinatoka bandani kwenda kwa wapangaji kumi na nne. Kila waya tuliuita laini.

Injini yenyewe haikuwa changa. Haikuweza kubeba mzigo wote kwa mkupuo, kwa hiyo kulikuwa na utaratibu. Umeme ukikatika, mume wangu anagonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni mwa banda, na hapo kila mtu anazima kila kitu chake. Kisha anawasha, anaiacha injini ipate moto, halafu anaanza kupandisha swichi moja baada ya nyingine. Akipandisha ya kwako, unatakiwa ujibu kwa sauti ya kusikika mpaka bandani: "Umefika!" Asipokusikia, haendi kwa mwingine. Mgeni akipita saa ile angedhani kuna mwalimu mahali anaita mahudhurio.

Laini ya kwanza ilikuwa ya muuza kuku.

Alikuwa mjane, umri wake na wangu mamoja, na alikuwa na friza tatu kuukuu za kuku na samaki. Wengine wote tulijibu "Umefika!" basi, tukaendelea na kazi. Yeye alijibu, "Umefika, fundi wangu!" Na lile neno la mwisho alilivuta, akalipandisha, akalishusha taratibu. Kuanzia hapo zinafuata sauti za wengine: kinyozi, muuza simu, muuza manukato, wa magodoro, mmoja mmoja. Wa kumi na nne nilikuwa mimi. Mimi niliyemfulia ovaroli zake zenye masizi, niliyemzalia watoto wawili, nilikaa mbele ya cherehani iliyokufa nikisikiliza watu kumi na watatu wakimjibu mume wangu kabla yangu.

Siku moja uzalendo ukanishinda. Tulikuwa nyumbani Magomeni, watoto wanakula.

"Hivi kwa nini yule ndiye wa kwanza?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Usijifanye humjui. Fundi wangu."

Akacheka. Hapo ndipo aliponikoroga kabisa.

"Friza ni mzigo mzito, mama watoto," akasema. "Mota yake ikianza inavuta umeme mwingi kwa mpigo. Injini ikiwa tupu inaimudu. Ukiiacha mpaka mwisho, injini inakuwa imeshachoka na wengine, inashindwa. Cherehani yako na taa mbili ni mzigo mwepesi, unaingia hata mwisho."

"Kwa hiyo mimi ni mwepesi."

"Cherehani."

"Nimesikia."

Nilikuwa nimesikia, lakini sikuamini hata neno moja. Nilijua mafundi. Ukimuuliza fundi jambo asilotaka kukwambia, anakupa maelezo ya kifundi.

Kilichonichoma zaidi ilikuwa lugha. Yeye na muuza kuku wote wawili ni watu wa Mtwara. Mimi nimezaliwa Magomeni, Kiswahili ndicho nilichonyonyea. Asubuhi mume wangu akipita kwenye friza kwenda bandani, walisimama wakaongea kikwao, na huyo mwanamke alicheka mpaka akajishika kiuno. Nilichangia kibanda na mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani kama mimi, naye ni wa huko huko Kusini. Basi akawa ananitafsiria hata nisipomuuliza.

"Wanaongelea mihogo," aliniambia mara moja, bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Mihogo ndiyo ya kucheka vile?"

"Ya kwetu ndiyo."

Nilijiliwaza kwa jambo moja. Katika uchochoro wote ule, ukiacha mume wangu, aliyejua kuiwasha injini ni mimi peke yangu. Tulipokuwa wachumba alikuwa anatunza mashine ya hoteli moja mjini, na badala ya kunipeleka kutembea alinipeleka kwenye chumba cha mashine. Alinifundisha kukagua oili, kufungua koki ya dizeli, kuweka mkono kwenye bomba la maji na kujua kama injini ina homa. Wenzangu walinunuliwa chipsi. Mimi nilinunuliwa chipsi pia, lakini nilizila kwenye chumba chenye kelele, tukiongea kwa ishara, na nilijiona nimependwa kuliko wao wote. Yule wa kuku hakuwahi kukanyaga ndani ya banda. Nilihakikisha hilo mara nyingi.

Sasa likaja jino. Gego la chini lilimuuma mume wangu siku tatu mfululizo, shavu likavimba, mpaka asubuhi ya siku ya nne akakubali kwenda kuling'oa huko Upanga. Alivua ufunguo wa banda shingoni, akanivalisha mimi. Ufunguo ule alikuwa halali bila kuuvaa. Akachukua chaki akaandika ukutani, juu ya ubao wa swichi, namba za laini kwa mpangilio wake, moja mpaka kumi na nne.

"Friza kwanza," akasema, mdomo umekaa upande. "Hata iweje. Na ukiona mshale wa kipimo unaanguka, shusha swichi ya mwisho uliyopandisha. Usisubiri."

"Nimekuelewa, nenda ukang'oe."

Akatoka. Nilimwona anasimama kwenye friza, anaongea na yule mwanamke kwa kifupi, anaonyesha upande wangu. Baadaye sana ndio nilijua alichomwambia: leo mke wangu ndiye yuko kwenye ubao, usiwe na wasiwasi, laini yako ni ya kwanza kama kawaida.

Umeme ulikatika baada ya adhuhuri, watu ndio wanatoka msikitini. Nikagonga reli. Nikasikia uchochoro mzima unazima, swichi moja moja, na nitasema ukweli, nilijisikia mtu. Nikakagua oili, nikafungua koki, nikawasha. Ikakohoa, ikashika. Nikaiacha ipate moto. Nikanyanyua mkono kuelekea swichi ya kwanza, na mkono ukaendelea kutembea. Ukaipita ya kwanza, ukazipita zote, ukafika ya kumi na nne. Nikaipandisha.

"Umefika!" ikaja sauti ya yule mama niliyechangia naye kibanda. Halafu akaongeza kwa mshangao: "Jamani, leo sisi ndio wa kwanza!"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, peke yangu bandani, huku jasho linanitoka. Nikaendelea na kinyozi, na wa simu, na wa manukato, na kila sauti iliyojibu niliipokea kama salamu yangu mwenyewe. Injini ilinguruma vizuri tu. Nikajisemea, unaona? Uongo mtupu. Mzigo mzito, mzigo mwepesi, yote yalikuwa maneno ya kunifumba macho. Nilipomaliza wote kumi na watatu, nikamwacha huyo mwingine asubiri kidogo. Nilitaka aonje kukaa mwisho. Ndipo nikapandisha ya kwake.

Mshale ukaanguka. Taa ya bandani ikawa nyekundu, injini ikaguna, moshi mweusi ukajaa hata dirishani. Nilijua la kufanya. Niliambiwa asubuhi ile ile, na kabla ya hapo niliambiwa enzi za uchumba. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi yake. Lakini kuishusha kulikuwa na maana moja tu, kwamba mume wangu alisema kweli na mimi nimekuwa mjinga miezi yote ile. Nikasema moyoni, itazoea. Ngoja kidogo, itazoea.

Nikangoja. Sauti yake haikuja na "Umefika" wala "fundi wangu". Nilisikia friza zinavuma kwa mbali, uvumaji wa kitu kinachotaka kuanza na kushindwa, halafu nikasikia anapiga kelele, "Zima! Zima jamani, zinaungua!" Nikashusha swichi, nikashusha zote, nikazima injini. Harufu ikanifikia nikiwa bado nimeshika koki.

Friza mbili kati ya tatu ziliungua mota. Zilikuwa zimejaa kuku wa harusi.

Mume wangu alirudi nusu saa baadaye, pamba mdomoni, damu kwenye ncha ya kidevu. Aliinusa hewa kabla hajafika bandani. Akaingia, akauangalia ubao, akaiangalia chaki yake ukutani, kisha akaniangalia mimi. Hakuuliza. Nilitamani aniulize, kwa sababu nilikuwa na majibu tayari, yote ya uongo. Alichukua kitambaa akafuta zile namba ukutani, moja mpaka kumi na nne, na ndio alikuwa amemaliza, mzee mwenye jengo akatokea mlangoni.

"Nani aliyekuwa kwenye ubao?" mzee akauliza.

"Mke wangu, kwa maagizo yangu," mume wangu akasema kwa shida, na ile pamba. "Nilibadilisha mpangilio, mzee. Nilifikiri injini itabeba. Kosa ni langu."

Mzee aliutazama ubao. Kisha akanyoosha mkono wake mtupu. Mimi ndiye niliyekuwa nimevaa ufunguo. Nikauvua mwenyewe shingoni mwangu, nikauweka kwenye mkono ule, na sikufungua mdomo.

Ubao akapewa mpwa wa mzee, aliyesomea umeme. Mume wangu hakufukuzwa. Alibaki kusukuma mapipa ya dizeli na kumwaga oili chafu. Mtu ambaye kwa miaka alikuwa akigonga ile reli na uchochoro mzima unamtii, sasa alikuwa akisikia inagongwa naye anaweka pipa chini, anasimama, hajui mikono yake aipeleke wapi. Nyumbani kila akikaa, mkono wake ulikwenda kifuani kutafuta ufunguo.

Na kuku walitujaa. Kuku walioyeyuka hawangoji mtu, kwa hiyo uchochoro wote ulinunua kumsaidia mwenye mali, na mume wangu akaleta nyumbani wanne. Nilikaanga, nikachemsha, nikapika pilau. Watoto walishangilia, wakaniuliza kama ni sikukuu. Mimi nilikula pamoja nao, kwa sababu kutokula kungeonekana.

Siku zikapita, wiki ikaisha. Nilisubiri yule mwanamke aje aniparue. Nilijiandaa kabisa, nikapanga na ya kumjibu. Hakuja. Akinikuta alinisalimia, "Habari za kazi, dada," na kupita. Upole wake ule ulinitesa kuliko matusi.

Kisha, mchana mmoja, nilikuwa natoka kununua uzi, nikawakuta nyuma ya mapipa. Mume wangu ameegemea pipa, muuza kuku amesimama karibu, wanaongea kikwao kwa sauti ya chini. Hakukuwa na kicheko safari hii. Waliponiona wakanyamaza, wote wawili kwa pamoja. Yule mama wa kibandani kwangu alikuwa hatua chache kutoka pale, ananunua kahawa. Nikamvuta mkono mpaka kibandani.

"Mihogo tena?" nikamuuliza.

Akakaa chini kwanza. "Mwanangu, niache."

"Niambie."

"Amemwambia mumeo kwamba kama anautaka ubao urudi kwake, njia ni moja tu, mzee aambiwe ukweli. Mumeo akakataa. Akasema ukiaibishwa mbele za watu hutainua tena kichwa mtaani hapa. Basi yule akasema sawa, tunyamaze, ila hata yeye mkeo asijue kwamba tunajua." Akanywa kahawa. "Wanakuhurumia."

Mtu mwingine angelia kwa shukrani. Mimi damu ilinichemka. Wana siri. Mume wangu na muuza kuku wana siri yao, wanaitunza pamoja, wanakutana nyuma ya mapipa kwa ajili yake. Haikunituliza hata kidogo kwamba siri yenyewe ilikuwa mimi. Kufungwa midomo na jambo moja, watu wawili, siku baada ya siku, ndiyo ndoa hiyo. Nilikuwa radhi mtaa mzima unicheke kuliko wale wawili waendelee kuwa na kitu ambacho mimi simo.

Nikaenda mbele, dukani kwa mzee. Lilikuwa limejaa kina mama wanachagua vitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mzee, mume wangu alikudanganya. Hakubadilisha mpangilio. Aliniandikia vizuri kwa chaki, friza kwanza. Mimi ndiye niliyeugeuza, makusudi."

Kina mama wakaacha kupapasa vitenge. Mzee akavua miwani.

"Kwa sababu gani?"

"Wivu, mzee."

"Wivu wa umeme?"

"Wa anayeuleta."

Kuna aliyeguna, kuna aliyecheka waziwazi. Nilisimama pale nikachekwa, uso unawaka moto. Mzee alivaa tena miwani, kisha akafungua mtoto wa meza akatoa ufunguo. Nadhani hata mpwa wake alikuwa ameshamchosha, maana injini ilikuwa imemzimikia mara tatu wiki ile.

"Mpelekee mwenyewe," akasema. "Na ile cherehani yako ya pili, ya kudarizi, utaiuza, friza za mwenzio zitengenezwe."

Nilikuwa naipenda cherehani ile. Sikubishana.

Mume wangu alikuwa bado kwenye mapipa. Nikamvalisha ufunguo. Akaushika, akanitazama, na badala ya kufurahi akakasirika.

"Nani kakutuma useme? Nilikuwa nimeshalibeba."

"Ulikuwa umelibeba na mwenzako," nikamjibu.

Ikamchukua kidogo kuelewa. Kisha akaanza kucheka, cheko la kwanza tangu siku ile, na pengo la jino likaonekana wazi. Alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya pipa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kwa muuza kuku nilikwenda jioni hiyo hiyo, kabla ujasiri haujaniishia. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama, yeye anapanga samaki kwenye ile friza moja iliyobaki.

"Dada," akaniambia, "nilijua tangu ile sauti ya kwanza ilipotoka kibandani kwako. Sikiliza nikwambie. Mimi kwa mumeo nautaka umeme tu. Mwenyewe kaa naye."

Tukashikana mikono. Mikono yake ilikuwa baridi kutokana na samaki, na nilirudi kibandani nikijisikia mwepesi, kweli kabisa, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Siku tatu baadaye umeme ukakatika. Reli ikagongwa, na kwa namna ilivyogongwa uchochoro mzima ulijua ni nani karudi. Watu wakashangilia. Tukazima vitu vyetu, injini ikawaka, ikapata moto. Nikaacha mkasi nikasikiliza. Swichi ya kwanza ikapanda.

"Umefika!" akajibu muuza kuku.

Basi. Hakuongeza "fundi wangu". Sauti kavu, ya kikazi, kama ya kinyozi na wa magodoro. Yule mama niliyechangia naye kibanda akanigeukia akitabasamu, kwamba umeona, yamekwisha. Sauti zikafuatana, laini ya pili, ya tatu, mpaka zamu yangu ikafika, taa mbili zikawaka juu yangu, na mume wangu akawa anangoja nijibu ndipo aende kupumzika.

Nilichelewa kujibu. Nilikuwa nimekaa na mguu juu ya pedali, najiuliza swali ambalo sijaliacha mpaka leo: kama kweli hakukuwa na kitu, kwa nini ameliacha lile neno?